Mzee Fute Aliimba Beti Zote Nne

Tuelewane mapema, vijana wangu: mimi sikuwahi kuwa daktari. Nilikuwa tabibu, na kwa miaka mingi nilikuwa mfawidhi wa zahanati. Neno hilo "mfawidhi" ni zuri, linakufanya ujione una jengo la ghorofa. Langu lilikuwa na vyumba vinne, muuguzi mmoja, mhudumu mmoja, na mbuzi wa jirani aliyependa kulala verandani. Lakini kijijini ukivaa koti jeupe wewe ni daktari, na ukining'iniza kile kipimo shingoni wewe ni bingwa. Siku ya kwanza waliponiita Dokta nilikataa. Siku ya pili nikanyamaza. Siku ya tatu niliitika kabla hawajamaliza kuita, na matatizo yangu yalianzia hapo, pamoja na matatizo ya watu wengine.

Sasa nimestaafu, nakaa Makambako, na ninyi mnaosoma uuguzi na utabibu mnapita kwangu mkiwa na madaftari yenu kuniuliza: "Mzee, zamani kiharusi mlikitibuje?" Mnauliza kwa heshima, na mimi najibu kwa heshima, halafu mnaondoka na uongo. Leo nimeamua kusema ukweli. Kaeni.

Tulipoanza kazi, kiharusi hakikuwa kiharusi. Mtu alikuwa "amepigwa na upepo". Alitoka nje asubuhi, upepo mbaya ukampitia, mdomo ukaenda upande, mkono ukafa. Tuliosoma tulicheka sana. Mimi nimekaa Makambako muda wa kutosha kuujua upepo wa hapa, unaochukua kofia ya mtu ukampa mtu mwingine, na nawahakikishia kwamba kama upepo ungekuwa unapooza watu, mji huu wote ungekuwa umelala ubavu mmoja. Nilicheka hivyo mpaka siku moja nilipopitia rejesta yangu mwenyewe na kuona kwamba kila aliyekuja akitetemeka nilimwandikia malaria. Kwetu milimani, juu ya Kichiwa, mwezi wa saba kila mtu anatetemeka kwa baridi. Wao walikuwa na upepo wao, na mimi nilikuwa na malaria yangu.

Aliyenifundisha kazi hakuwa daktari wala tabibu. Alikuwa Mama Mlowe, muuguzi wa zahanati ile, aliyenipokea nikiwa na cheti kipya na akaamua kutonichukia. Asubuhi moja ya masika tuliletewa mwanaume anayeyumba, maneno yanamtoka yameshikana. Masika ndiyo majira ya ulanzi, mianzi inagemwa kila bonde, na pombe yake haichagui saa. Nilimnusa tu nikaandika "pombe", nikamwambia ndugu yake ampeleke akalale. Mama Mlowe hakunibishia. Alichukua vikombe viwili vya bati, akamshikisha yule bwana kimoja kila mkono. Cha kulia kilidumu mkononi. Cha kushoto kikaanguka sakafuni.

"Mwanangu," akaniambia, "ulanzi unalewesha pande zote mbili. Huyu amelewa upande mmoja."

Sentensi hiyo ningeweza kuwapa ninyi nikaenda kulala. Imeokoa watu wengi kuliko semina zangu zote. Siku hiyo hiyo aliniongezea nyingine, ambayo niliisikia vizuri, nikaitikia vizuri, na sikuishika: "Mgonjwa wa namna hii muulize kitu ambacho hajajiandaa kukijibu. Salamu mtu huitika hata usingizini."

Makosa madogo nitawapitishia haraka, maana aibu ikigawanywa inabebeka. Niliwahi kumwekea mama mmoja kidonge cha presha chini ya ulimi ili presha ishuke upesi, kama tulivyofundishwa enzi hizo. Ikashuka kweli, ikapita pale ilipotakiwa kusimama, na yule mama akazidi kulegea mbele ya macho yangu. Leo mnaambiwa msiishushe kwa pupa kwa mtu mwenye kiharusi. Sikieni, msisubiri kuona. Nilikuwa pia na wazee waliokunywa dawa ya presha siku wanayoisikia kichwani, wakaiacha siku wasiyoisikia. "Dokta, presha yangu imepona." Nikiwaambia presha haiponi, wananitazama kwa huruma, kama wanamtazama mtu anayelinda biashara yake.

Na saa. Nilimpa mgonjwa barua ya rufaa nikaandika, "Dalili zimeanza saa 2." Nilimaanisha saa mbili asubuhi, jua limetoka, watoto wako shuleni. Aliyeipokea alisoma saa yake kwa Kizungu, akaelewa mbili ya mchana, yaani saa nane yetu. Mgonjwa alikuwa amefika hospitali saa tano. Kwa mujibu wa karatasi yangu, alifika kabla hajaugua. Nilipigiwa simu na kuulizwa kama zahanati yetu ina huduma ya utabiri. Tangu siku hiyo naandika saa, na pembeni naandika kama ni alfajiri, asubuhi au jioni, hata kama fomu haina nafasi. Nanyi mfanye hivyo.

Sasa nifike kwenye semina.

Tuliitwa semina ya kiharusi. Chai na vitumbua saa nne, mada saa nne na nusu, na aliyefundisha alikuwa na slaidi nzuri sana za dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo. Dawa hiyo, alisema, ina saa zake chache tu tangu dalili zianze, nne na nusu hivi, zikipita inageuka hatari. Tukaandika. Mmoja wetu akauliza zahanati zetu zitaipata lini, na mwezeshaji akasema swali hilo ni zuri sana. Mchana tukala wali kwa kuku. Wakati wa kuondoka kila mmoja akapewa bango la kubandika ukutani.

Bango lilikuwa na picha tatu za mzee wa Kizungu mwenye tai. Kwenye picha ya kwanza anatabasamu, ya pili ameinua mikono miwili, ya tatu anatamka sentensi. Chini yake wameandika kwa Kiswahili: mwambie mgonjwa acheke, ainue mikono, aseme "Leo ni siku nzuri yenye jua." Kikishindikana kimoja, kimbia hospitali.

Nikalibandika nikaanza kazi. Mzee wa kwanza nilimwambia, "Mzee, cheka." Akaniuliza, "Nicheke nini? Hata mbolea haijafika." Bibi mmoja nikamwambia ainue mikono miwili juu. Akakataa katakata: "Sisi ni Walutheri, baba. Mikono juu ni wale wa kanisa jipya kule barabarani." Na ile sentensi ya jua ndiyo ilikuwa balaa. Nilikuwa nawaambia watu waliovaa makoti mawili, ukungu umefunika mpaka mlangoni, waseme leo ni siku nzuri yenye jua. Watu wazima na akili zao. Wengine walitoka nje kwanza kuhakikisha. Mmoja alirudi akamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa ni mimi.

Basi nikaja na akili yangu. Watu wetu hawachekeshwi na mgeni, hawainui mikono, hawasemi uongo kuhusu hali ya hewa, lakini hakuna asiyeimba. Nikaamua mtihani wangu wa kauli uwe wimbo wa kanisani. Mgonjwa aimbe, nami nisikilize kama maneno yamenyooka. Ulikuwa mtihani mtamu! Zahanati iligeuka mazoezi ya kwaya. Wagonjwa wa benchi walidakia sauti zao, muuguzi mpya akashika soprano, na mbuzi verandani akaondoka kwa mara ya kwanza. Nilijivuna mno. Nilimwandikia mganga mkuu barua ya kurasa tatu yenye kichwa "Ubunifu". Mama Mlowe wakati huo alikuwa ameshastaafu, la sivyo angenipa vikombe viwili nishike.

Hapo ndipo anaingia Mzee Fute.

Mzee Fute alikuwa mkulima wa viazi, mzee wa kanisa, na besi ya kwaya kwa miaka mingi kuliko mchungaji yeyote aliyepita pale. Alijulikana kwa mambo mawili: sauti, na vita yake dhidi ya lumbesa. Mnajua lumbesa. Gunia limejaa, mnunuzi analiongezea kilima cha viazi juu ya mdomo, anashona na wavu, halafu anakuambia hilo ni gunia moja. Mzee Fute akiona kilima hicho alisimama shambani akahubiri. Alianza na Musa, akapita kwa manabii, akamalizia na mizani. Madereva wa Makambako walimjua. Mmoja wao, Hamisi, Mrangi wa Kondoa aliyehamia Makambako na Fuso lake na msala wake wa kuswalia nyuma ya kiti, alikuwa mnunuzi wake wa siku zote. Kila msimu Hamisi alimchokoza makusudi, "Mzee leo nafunga lumbesa," ili tu ayasikie mahubiri. Alikuwa akisema hayo ndiyo mawaidha pekee ya Kilutheri anayoyajua kwa moyo.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, saa moja na nusu, Mzee Fute akaletwa kwangu kwa bodaboda. Mkewe, Mama Neema, alikuja nyuma akitembea haraka.

"Kamwene, Dokta."

"Kamwene, mama. Kulikoni?"

"Mzee amekuwa mzito wa maneno. Aliamka vizuri, tukasali, akasali yeye mwenyewe kwa sauti. Akaenda kuwasha moto. Kwenye saa kumi na moja na nusu hivi kijinga cha moto kikamtoka mkononi. Namuuliza, hanijibu vizuri. Nimempa uji, umempalia."

Vijana, rudieni maneno hayo. Huyo mama, aliyeishia darasa la nne, alikuwa amenipa kila kitu: saa, mkono, kauli, na koo lisilomeza. Kilichobaki kilikuwa mimi kuamka nipige simu.

Nikamgeukia mzee. Alikuwa amekaa vizuri, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, skafu mpaka kwenye mdomo, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti. Kila mtu kwetu mwezi wa saba yuko hivyo. Sikumvua chochote.

"Mzee, unaumwa?"

"Ndiyo."

"Kichwa?"

"Ndiyo."

"Au hakiumi?"

"Ndiyo."

Nikaona ni upole wa mzee wa kanisa. Nikamwambia, "Haya mzee wangu, tuimbie," nikaanzisha wimbo ambao ameuimba kila mwaka tangu ubatizo wake. Akafumba macho. Akaimba. Akaimba beti zote nne, besi imetulia, hakuna neno lililokosekana, na benchi zima likaitikia. Nilisikia raha kabisa. Nikamwambia Mama Neema, "Unasikia? Kauli hiyo. Huu ni uchovu na baridi." Nikampa mzee panadol. Akapaliwa na maji ya kumezea, nami nikampigapiga mgongoni. Nikaandika kwenye rejesta: Saa 1:30 asubuhi. Kauli nzuri. Mzima.

Mama Neema alisimama mlangoni kidogo. "Lakini Dokta, kuongea haongei."

"Mama, mtu anayeimba hivi anashindwaje kuongea?"

Akaondoka na mzee wake, maana mimi ndiye niliyekuwa na koti jeupe.

Ilikaribia saa tatu nilipolisikia Fuso likipanda kilima kwa gia nzito, likasimama mlangoni kwangu na viazi nusu mzigo. Hamisi akashuka, akazunguka, akamteremsha Mzee Fute kwa kumkumbatia, Mama Neema nyuma yao.

"Dokta, mzee anaumwa."

"Nimeshampima, Hamisi. Ni uchovu."

"Nimemkuta kwake nilipofuata viazi, nimemwambia nafunga lumbesa. Kasema ndiyo."

"Labda leo amechoka kubishana."

Hamisi alinitazama kama mtu anayeamua kunisamehe. "Mzee Fute? Achoke na lumbesa? Wallahi Dokta, nimemwonyesha na wavu. Nimeshona mbele ya macho yake. Kasema ndiyo. Huyu mtu ameugua, na kama wewe huoni nipishe nimpeleke mwenyewe."

Nikamtoa mzee mkono kwenye mfuko wa koti. Ulianguka ukaning'inia. Nikamfungua skafu. Mdomo ulikuwa umekwenda kushoto. Nikamuuliza, "Mzee, mkeo anaitwa nani?" Alinitazama muda mrefu, akajaribu, jasho likamtoka katika baridi ile, na neno lililotoka lilikuwa "ndiyo". Macho yake yalijua kwamba silo.

Nilichokijua baadaye, na ninyi mmekikuta vitabuni, ni kwamba maneno ya kuongea na maneno ya wimbo hayalali chumba kimoja kichwani. Kiharusi kinaweza kuvunja chumba cha kwanza na kuacha cha pili na samani zake zote. Mimi nilikuwa nimegundua mtihani pekee ambao mgonjwa huyu angeweza kuufaulu, nikamfaulisha, nikampa panadol.

Gari la wagonjwa lilikuwa gereji. Hamisi akawaambia wapakiaji wake washushe viazi pale pale kwenye uwanja wa zahanati, tukamlaza mzee kiubavu kwenye kiti kirefu cha kabini, kichwa mapajani kwa mkewe, nami nikajibana mlangoni. Simu ilipata mtandao tulipofika kileleni. Nikaipigia hospitali kubwa ya Njombe yenye mashine ya kupiga picha kichwa, nikawaambia tunakuja. Njiani Mama Neema akatoa chupa ya uji. Nikamkataza. Akaniambia mtu hasafiri na njaa. Nikamwambia koo lake haliwezi kumeza, uji utaingia kwenye mapafu. Akasema, "Asubuhi nilikwambia umempalia." Nikatazama barabara.

Hamisi aliendesha akisoma dua kwa sauti ya chini, Mama Neema akaimba kwa sauti ya chini, na mzee akaitikia besi. Alipofika ubeti wa pili nilitaka kuruka nje ya gari.

Saa tano tulikuwa hospitali. Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho, na kwanza nilitafuta mkubwa wake. Hakuhitaji mkubwa. Ndani ya muda mfupi mzee alikuwa ameingia kwenye mashine na kutoka.

"Hakuna damu iliyomwagika," akatuambia. "Ni bonge limeziba mshipa. Ile dawa ya kuyeyusha tunayo. Swali langu ni moja tu na nataka jibu la uhakika. Mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?"

Mama Neema alinitazama. Akasema, kwa adabu ya mtu asiyetaka kumwaibisha Dokta wake mbele ya watu, "Dokta alimpima saa moja na nusu. Alisema mzima."

Yule binti akaangalia barua yangu ya rufaa, ambayo kabla hatujaondoka nilikuwa nimeinakili kutoka rejesta kwa mkono uliozoea. "Saa moja na nusu, kauli nzuri. Basi tuko ndani ya muda!" Akageuka kumwita muuguzi. Hamisi pale mlangoni akasema alhamdulillah. Mama Neema akaanza kulia kwa furaha.

Vijana wangu, mimi nilinyamaza. Sijui ni muda gani. Nilikuwa na miaka mingi kazini, nilikuwa na barua ya "Ubunifu" ofisini kwa mganga mkuu, na watu wote chumbani walikuwa na furaha iliyotokana na mwandiko wangu. Mtu akinyamaza tu, anabaki Dokta. Na slaidi za ile semina, ambazo sikudhani zitakuja kunifaa kitu, zikanirudia zote: muda ukipita, dawa ile inaweza kumwaga damu kichwani.

"Hapana," nikasema. "Hakuwa mzima saa moja na nusu. Alianza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mkewe aliniambia. Mimi nilimwimbisha, akaimba vizuri, nikaandika mzima. Nilikosea."

Yule binti akatazama saa ya ukutani. Sote tukahesabu kimoyomoyo. Akauzuia mkono wa muuguzi. "Muda umepita," akasema. "Asante kwa kusema, mzee. Tungempa, tungeweza kumuua." Akakata mstari kwenye karatasi yangu akaendelea na kazi yake: aspirini kwa mpira wa puani kwa sababu koo halimezi, kumgeuza, kumwangalia presha bila pupa. Hakuniuliza kama ningemleta ile saa moja na nusu ingekuwaje. Nilijiuliza mwenyewe. Tungefika saa tatu na nusu, ndani ya muda, na dawa ilikuwepo.

Nje Hamisi akaniuliza, "Amechomwa ile sindano?"

"Hapana. Muda umepita."

"Mbona tumekimbia, Dokta?"

"Wewe ulikimbia. Mimi nilikuwa nimekaa."

Mama Neema nilimweleza jioni ile kwenye benchi la wodi, neno kwa neno. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi. Alifikiri, akasema, "Wewe ulimpima kwa wimbo. Wimbo wa mzee haukai mdomoni."

"Unakaa wapi, mama?"

"Mie nitajuaje? Daktari ni wewe."

Niliporudi zahanati nilikata mstari mmoja kwenye rejesta, nikaandika ukweli pembeni na sahihi yangu. Ukaguzi ulipokuja, mkaguzi aliuinamia ukurasa huo muda mrefu. Nikajiandaa. Akasema rejesta yangu haina usafi, akaniambia nitumie rula.

Mzee Fute alirudi nyumbani baada ya majuma kadhaa. Mguu ulikubali fimbo, mkono ulikubali nusu nusu, lakini kauli ilibaki "ndiyo" moja na nyimbo zote. Kuona mtu aliyehubiria malori akishindwa kuomba chumvi kuliniumiza kuliko mazishi mengi niliyohudhuria. Mtaalamu wa mazoezi ya kuongea kule hospitali alimfundisha Mama Neema njia: chukua neno analolitaka, litie kwenye tuni, aliimbe, halafu punguzeni tuni kidogo kidogo mpaka libaki neno. Basi nyumba ile ikawa kwaya ya mahitaji. Chai iliimbwa, blanketi liliimbwa, hata "mfukuze kuku" ilikuwa na sauti zake nne. Mimi nilikwenda kila Alhamisi, kazi ikiisha, kumnyoosha vidole na kumpima presha. Hamisi kila alipopanda na Fuso alisimama uani akapaza sauti, "Mzee, leo lumbesa!" Mzee alitetemeka kwa hasira, midomo ikacheza, neno likakwama. Nilimwambia Hamisi aache. Mama Neema akasema, "Mwache. Hiyo ndiyo dawa yake."

Ukapita mwaka. Mwezi wa saba mwingine, Alhamisi, ukungu umekaa juu ya kijiji kizima, huoni hata zizi. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Nikalibandua lile bango la semina ukutani nikaenda nalo, maana nilikuwa nimeamua kufanya angalau mara moja kile nilichofundishwa. Nikalishika mbele yake. Nikamwambia acheke, akanitazama tu. Nikamwambia ainue mikono, akainua wa kushoto wote na wa kulia nusu, na kwa Mlutheri hiyo ilitosha.

"Sasa mzee wangu, sema bila kuimba: Leo ni siku nzuri yenye jua."

Mzee Fute akageuza kichwa taratibu, akatazama mlangoni. Akautazama ukungu kwa makini, kama anayesoma hati. Akanirudia mimi. Midomo ikaanza kucheza, shingo ikakaza, Mama Neema akaacha kumenya viazi. Ilichukua muda mrefu.

"Mwo," akasema. Akavuta pumzi. "Mwo-ngo."

Hakukuwa na tuni ndani yake. Mama Neema akaangusha kisu akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mimi nilikaa pale kwenye kigoda na bango langu magotini, nikalia mbele za watu, na sikutafuta skafu ya kujifichia. Nilipofika zahanati nilifungua rejesta, nikachukua rula kama nilivyoelekezwa, nikapiga mstari ulionyooka, na chini yake nikaandika: Saa 9:40 alasiri. Ameniita mwongo. Kauli nzuri.